Geuza Kopo, Vunja Sambaza

Siku moja ya soko, kando ya barabara inayotoka Kitshanga kuelekea Mweso, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Mkononi alishika kopo la sardini. Macho yake yalikuwa yanakwenda na kurudi: yanatua kwenye kopo, yanahamia kwenye gunia la sambaza wakavu lililofunguliwa pale chini, yanarudi kwenye kopo. Kopo lilikuwa na picha ya samaki mnene aliyelala juu ya vipande vya nyanya, anametameta kana kwamba ametolewa majini dakika ileile. Sambaza walikuwa wa kijivu, wamepindapinda, na nzi wawili juu yao. Akalipia kopo. Tulipokuwa tunaondoka nikamuuliza kwa nini ameacha sambaza. "Mtoto alikuwa na bwaki, mama," akaniambia. "Sasa amepona. Nataka ale kitu kizuri."

Sikuwa na la kumjibu pale njiani, na jambo hilo limenikaa moyoni. Alikuwa ametoa pesa ambayo ingempatia samaki wa siku kadhaa, akapata wa mlo mmoja, na kilichomsukuma kufanya hivyo ni upendo kwa mtoto wake. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani kumwambia, na ninayaandika pia kwa wale wanaouza, kwa sababu kosa halikuwa la mama yule peke yake.

Tuanze na kilichomo. Kopo dogo la sardini ambalo wengi tunalijua limeandikwa gramu 125. Huo ni uzito wa kila kitu kilicho ndani, pamoja na mafuta. Ukimwaga mafuta, samaki anayebaki ni gramu 90 hivi. Hizo zinakupa protini gramu 20 na ushee, na ukila samaki pamoja na mifupa yake laini unapata kalisi pia: gramu 100 za sardini ya kopo zina miligramu 380 hivi za kalisi, yaani mara tatu ya zile zilizo katika kiasi hichohicho cha maziwa ya ng'ombe. Sisi wa Masisi, tuliolelewa kwa maziwa na jibini, tulisikie hilo vizuri, hasa sasa ambapo familia nyingi zimepoteza ng'ombe wao katika vita. Kopo basi ni chakula, tena chakula chema. Wale wanaotupa mifupa ya sardini mezani wanatupa sehemu kubwa ya kalisi waliyoinunua.

Sasa mtazame sambaza. Samaki mbichi ni maji kwa kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Anayemkausha anaondoa maji, na vile vinavyobaki vinasongamana mahali padogo. Sambaza waliokauka sawasawa wanakaribia gramu 60 za protini katika kila gramu 100. Na kwa kuwa huliwa wazima, kichwa, mifupa na vyote, kalisi yao inaipita ya kopo kwa mbali, na ndani yao mna madini ya chuma na zinki ambayo mtoto aliyetoka kwenye bwaki, yaani utapiamlo mkali, anayahitaji sana. Kikombe kimoja cha sambaza wakavu, kikigawanywa vizuri, kinafanya kazi ambayo kopo moja haliwezi.

Yapo mambo mawili ambayo sambaza mkavu hatoi, na ni haki niyaseme. La kwanza, jua linaharibu sehemu kubwa ya vitamini A, na ndiyo maana mboga ya sambaza inapendeza ikipikwa na lenga-lenga na mafuta mekundu ya mawese, yale yanayopanda kutoka upande wa Walikale. Mafuta yale yasipochemshwa hadi yapoteze rangi, yanarudisha kile jua lilichochukua. La pili ni iodini. Milima hii yetu ina upungufu wa iodini tangu zamani. Miaka ya 1960 wataalamu walikwenda kisiwa cha Idjwi kuchunguza kwa nini watu wengi wana uvimbe wa shingo, dalili ya upungufu huo. Samaki wa bahari, wakiwemo wa kopo, wana iodini nyingi kuliko samaki wa maziwa yetu. Anayekula sambaza atumie chumvi iliyowekwa iodini, na aifunike isipigwe na unyevu.

Kwa nini basi sambaza anashindwa mezani? Nimesikia watu wakimwita chakula cha wasio na kitu. Maneno hayo yananiuma, kwa kuwa samaki huyu ana historia ya kuletwa kwa makusudi ili watu wa Kivu wale. Ziwa Kivu lina gesi nyingi katika vilindi vyake, na chini kabisa hakuna hewa ya kumtosha samaki. Maisha yote yako katika maji ya juu, na zamani hakukuwa na samaki mdogo wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Mwaka 1959 waliletwa samaki wadogo kutoka Ziwa Tanganyika, wakazoea, wakazaa, wakajaa. Leo wavuvi wanatoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wanawasha taa, sambaza wanapanda kuufuata mwanga, na alfajiri Goma inaamka na samaki.

Kinachomshinda sambaza ni usafiri na unyevu. Kutoka ziwani hadi kwetu anapita Sake, anapanda milima ya Mushaki, anapita Kilolirwe, na njia hiyo tunaijua: mvua, matope, vizuizi, gari kulala njiani, gunia kulowa chini ya turubai lililotoboka. Akitoka Goma akiwa amekauka nusu, anafika Kitshanga akiwa ameanza kuoza nusu. Hapo mnunuzi anamwona, anakunja pua, anachukua kopo. Na siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo mnunuzi ajifunze kumpima sambaza kwa mikono yake. Mimi hufanya hivi. Nachukua kiganja kizima kutoka katikati ya gunia, maana juu wanawekwa wale wazuri, nawatikisa karibu na sikio. Waliokauka wanalia kama majani makavu ya mahindi. Wenye maji hawalii, wanashikana. Kisha nachukua mmoja mkubwa na kumvunja mgongoni. Akikatika mara moja, tap, amekauka. Akipinda kama kamba ya mgomba, bado ana maji, na ndani ya wiki moja atakuwa na ukungu hata kama leo anapendeza. Halafu tumbo: tumbo lililopasuka na kugeuka kahawia linaonyesha kwamba alikaa mbichi muda mrefu kabla ya kuanikwa. Harufu iwe ya samaki. Ikiwa ya uchachu, au ya mafuta yaliyokaa, mwache. Na ukimuuliza muuzaji, "Mama, sambaza hii ni ya wapi, ilifika lini?", msikilize anavyojibu. Anayeijua mali yake hujibu bila kutafuta maneno.

Mara moja nilipuuza haya yote. Nilikuwa na haraka, nikanunua kilo nzima kwa muuzaji aliyekuwa amewafunga tayari katika mfuko mweusi, nikaufunga vizuri zaidi nikidhani ninawalinda. Nilipoufungua baada ya siku tano kulikuwa na unga wa kijani na mweupe kati ya samaki, na harufu ya chumba kilichofungwa. Jirani yangu alinishauri niwaoshe na kuwakaanga. Nilikataa, na ninakushauri ukatae. Ukungu unaweza kuacha sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Nilizika kilo nzima nyuma ya nyumba, na iliniuma.

Kwa ndagala, samaki wadogo wakavu wanaotoka mbali, Ziwa Tanganyika au maziwa ya Uganda, ongeza kipimo kingine. Wengi hukaushwa juu ya mchanga, na sehemu kubwa ya samaki wa namna hiyo hukusudiwa kwenda kuwa chakula cha kuku. Weka kiganja kimoja katika sahani nyeupe yenye maji, koroga kwa vidole, subiri kidogo. Mchanga utatulia chini na utauona. Ukiwa mwingi, unalipia ardhi kwa bei ya samaki, na uchafu wa miguu ya watu na wanyama umo humohumo. Katika ufuo wa Burundi, kuanzia mwaka 2004, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kuinua ndagala kutoka mchangani na kuwaweka juu ya vichanja vya wavu. Kitu chenyewe ni miti na wavu tu, lakini samaki anakauka juu na chini, mvua ikija anafunikwa, na bei yake sokoni inapanda kwa sababu jicho la mnunuzi linaona usafi.

Kuna jambo moja zito kuliko mchanga. Samaki mkavu anashambuliwa na wadudu weusi wadogo na funza wao wenye manyoya, na katika nchi nyingi za Afrika wamepatikana wafanyabiashara wanaompulizia dawa ya kuulia wadudu ili asitobolewe. Dawa ile haikutengenezwa iliwe, na kuosha hakuiondoi yote. Samaki akinuka dawa, hata kidogo, usimnunue. Na nikiona samaki wako wazi, siku yenye nzi kila mahali, na hakuna hata nzi mmoja anayewagusa, ninapita. Wale nzi wawili juu ya gunia la siku ile walimfukuza mama yule. Mimi wangenipa angalau sababu ya kusogea na kuuliza.

Turudi kwenye kopo, kwa kuwa najua tutaendelea kulinunua: barabara ikifungwa, kopo ndilo linalobaki dukani. Shida ya kopo ni kwamba maandishi yake ni ya Kifaransa, wakati mwingine Kiarabu au Kichina, na sisi tunasoma picha. Picha haina ushahidi wowote. Geuza kopo, tafuta maneno machache.

Tafuta kwanza "poids net égoutté". Huo ni uzito wa samaki baada ya mchuzi au mafuta kumwagwa. "Poids net" peke yake ni uzito wa vyote. Ukiwa na makopo mawili ya bei moja, linganisha namba ya égoutté, na mara nyingi utashangaa: kopo kubwa la mchuzi wa nyanya linaweza kuwa na samaki wasiozidi sana wale wa kopo dogo la mafuta. Kisha soma "ingrédients". Vitu hupangwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi, kwa hiyo samaki anapaswa kutajwa kwanza. Maji yakitajwa kabla ya samaki, umenunua supu. Tazama pia aina ya mafuta: "huile d'olive" ni ya zeituni, "huile végétale" ni mafuta ya mimea yoyote.

Halafu jina la samaki mwenyewe. "Maquereau", "chinchard", "thon" na "sardine" ni samaki tofauti, na mengi ya makopo yetu yenye picha inayofanana yana samaki tofauti ndani. Jambo hili liliwahi kufikishwa mbele ya Shirika la Biashara Duniani: Peru iliishtaki Umoja wa Ulaya kwa sababu Ulaya ilikataa samaki wa Peru aitwe sardini, ikisema jina hilo ni la samaki mmoja tu wa bahari zao. Mwaka 2002 Peru ilishinda, kwa hoja kwamba viwango vya chakula vya kimataifa vinaruhusu samaki wa jamii hiyo kuitwa sardini ikiwa kopo litaeleza ni sardini ya wapi au ya aina gani. Ikiwa mataifa yalivutana miaka kadhaa kwa ajili ya neno moja juu ya kopo, nasi tuna haki ya kulisoma.

Tarehe nayo ina lugha mbili. "À consommer de préférence avant" maana yake ubora unahakikishwa hadi siku hiyo. Chakula kinaweza kupoteza ladha baada yake. "À consommer jusqu'au" ni mpaka wa usalama, usiuvuke. Pitisha kidole gumba kilicholowa mate au maji juu ya tarehe. Iliyogongwa kwenye bati au kuchapwa kiwandani haitoki kirahisi. Ikifutika, au ukiona kibandiko kimewekwa juu ya tarehe nyingine, rudisha kopo mezani na mwambie muuzaji kwa upole kwa nini. Ofisi ya udhibiti ya nchi, OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974, ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia, lakini kati ya mpaka na meza ya Kitshanga kopo limepita mikono mingi na maghala mengi.

Jambo la mwisho kuhusu kopo: bonyeza kifuniko. Kikipanda na kushuka, au kikiwa kimevimba, ndani kuna gesi, na gesi hiyo inaletwa na vijidudu. Mmoja wao hutoa sumu inayolegeza misuli hadi mtu anashindwa kupumua, tena haina harufu wala ladha ya kukuonya. Usionje. Usimpe mbwa, usimpe kuku. Kutu inayofutika kwa kitambaa haina neno. Kutu iliyokula bati, au kopo lililobonyea kwenye mshono wa ukingo, liache. Likishafunguliwa, hamishia samaki kwenye sahani na mle siku hiyohiyo. Na tafadhali, watoto wasiweke kopo lililofungwa kwenye makaa.

Kuhusu makayabu nitasema kidogo. Ni samaki mzuri mwenye chumvi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na kipande kimoja cha makayabu kisicholowekwa vizuri kinaweza kumaliza kiasi hicho chote. Mloweke usiku kucha, badilisha maji mara mbili au tatu, na siku hiyo usitie chumvi wala kubu ya kuongeza ladha sufuriani. Mtoto mdogo asipewe, na mwenye shinikizo la damu awe mwangalifu. Na kwa samaki wa baridi wa baharini anayeletwa kwenye barafu: ikiwa barafu iliyeyuka njiani akagandishwa tena, anaweza kuwa na sumu inayowasha uso, kuleta wekundu na kuumiza kichwa muda mfupi baada ya kula, na kupika hakuiondoi.

Sasa mtoto. Akiwa ametimiza miezi sita, anaweza kula samaki, na hapa ndipo sambaza anaposhinda. Chagua wale waliopita kipimo cha kuvunja. Waoshe haraka kwa maji ya moto, waanike tena hadi wakauke, kisha wakaange bila mafuta kwenye sufuria kwa moto mdogo hadi harufu itoke na vichwa vianze kuvunjika vyenyewe. Watwange kwenye kinu wazima, chekecha kwa chekeche laini, kile kilichobaki kirudishe kinuni. Unga huo tia kijiko kimoja kwenye uji wa SOSOMA (mtama, soya na mahindi) wa mtoto ukiwa bado jikoni, uchemke nao dakika chache. Usitwange wa mwezi mzima: mafuta ya samaki yakishapondwa yanachacha upesi. Wa wiki moja unatosha, katika chupa kavu yenye kifuniko. Mtoto anayeendelea kupata pakiti za tiba kutoka kituo cha afya azimalize kwanza kama alivyoagizwa, na asigawane na ndugu zake; unga wa sambaza unafuata baada ya hapo, kwa watoto wote wa nyumba.

Nimalizie kwa mama zangu na dada zangu wanaouza, kwa kuwa mkononi mwenu ndimo sambaza anaweza kulishinda kopo. Mnunuzi anapenda kopo kwa sababu limefungwa, lina jina, lina uzito, lina tarehe. Vyote hivyo mnaweza kuvifanya. Anikeni juu ya kichanja, chini ya karatasi ya plastiki nyeupe iliyoinuliwa kama hema na kuachiwa matundu ya hewa, maana mvua ya huku haiulizi majira. Ondoeni vichwa vilivyokatika na vumbi. Pimeni kwa mizani gramu 100 au 200, si kwa kikombe ambacho kila mtu ana chake. Fungeni katika mfuko mweupe unaoonyesha ndani. Ule mweusi unamfanya mnunuzi ajiulize mnaficha nini. Juu yake bandikeni karatasi yenye maneno ya Kiswahili, makubwa: sambaza wakavu wa Ziwa Kivu, uzito, siku waliyofungwa, kama wametiwa chumvi au la, wapikwe kabla ya kuliwa, na jina la kikundi chenu. Msiandike kwamba wanaponya bwaki wala ugonjwa wowote. Andikeni ukweli, unatosha.

Kabla ya kubandika, fanyeni jaribio moja. Chukueni mfuko mmoja kati ya ile iliyofungwa, uwekeni juani saa moja, kisha uinueni mtazame upande wa ndani. Mkiona ukungu wa maji au matone madogo yameshika plastiki, samaki hajakauka. Fungueni mifuko yote, warudisheni kichanjani, na karatasi zile ziwekeni pembeni hadi kesho.